Watatu Wanakutosha

Hotuba hii ilitolewa mbele ya kina baba Wakristo wa Unguja na Pemba waliokutana Mbweni. Tumeiandika nzima kwa ajili ya ndugu ambao zamu za kazi, maradhi au bahari viliwazuia kufika.

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe!

Nimetoa salamu zote mbili kwa makusudi, maana leo tumechanganyika. Wapo Waanglikana wa Mkunazini, wapo Wakatoliki wa Minara Miwili, wapo ndugu wa makanisa ya kiroho, na wapo waliovuka bahari jana kutoka Wete na Chake Chake. Karibuni nyote.

Wazee wetu, kina baba, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma, swali langu la kwanza si gumu. Nani alikushika mkono? Usinitajie mhubiri aliyesimama jukwaani siku ile. Nitajie mtu aliyekaa nawe. Aliyejua kwamba umegombana na mkeo. Aliyekuuliza siku ya Jumatano habari ya jambo uliloahidi Jumapili. Aliyekuambia "hapa umekosea" na kesho yake akaja tena kukugongea mlango. Wengi wenu mna jina la kutaja. Wengine hamna, na najua swali hili linawauma.

Swali la pili ndilo lililotuleta hapa. Wewe unamshika nani? Jibu langu ni fupi: shika watatu, uwalee.

Tumezoea kulalamika kwamba makanisani kwetu wanaume ni wachache. Siku ya Pasaka mbona wanajaa? Wa kukaa mabenchini tunao. Tunachokosa ni wanaume wa kulea wanaume. Na ardhi hii tunayoikanyaga inajua habari ya malezi. Shamba hili la Mbweni lilinunuliwa na misheni ya Kianglikana, UMCA, mwaka 1871 ili watu waliotolewa utumwani wapate pa kujenga, pa kulima na pa kusoma. Waliofika hapa walikuwa wametengwa na wazazi wao, wengine hata lugha ya kwao wameisahau. Nani angewalea? Ilibidi waleane.

Tuanze na hesabu ya wachache.

Mwaka 1864 Askofu William Tozer alishuka Unguja akiwa, machoni pa wengi, mtu aliyeshindwa. Misheni yake, hiyohiyo ya UMCA, ilianzia bara, upande wa mto Shire, nchi ya Malawi ya leo. Askofu Mackenzie aliyemtangulia alikufa kwa homa mwaka 1862, na wenzake kadhaa wakazikwa kulekule. Tozer akaona kazi ile haiendi, akaihamishia kisiwani. Akalaumiwa sana, na Livingstone mwenyewe akiwa miongoni mwa waliomlaumu. Sasa huyu askofu aliyelaumiwa alianza na watu wangapi? Sultani Majid alimpa wavulana watano, waliotolewa kwenye jahazi la watumwa lililokamatwa. Watano tu. Wavulana, si watu wazima.

Mwaka 1870 wawili kati ya wale watano, John Swedi na George Farajallah, wakawekewa mikono kuwa mashemasi wadogo. Mwaka 1890, katika kanisa la Mkunazini, Cecil Majaliwa, kijana mwingine aliyepitia utumwa na kusomeshwa na misheni hiyohiyo, akapadirishwa. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hilo. Toka wale watano mpaka padri wa kwanza, hesabu mwenyewe: miaka 26. Ndugu yangu, wewe umekaa na kijana wako miezi mitatu, na tayari umeshasema "huyu hafai".

Wazee wa visiwa hivi husema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Nenda kwenye kisima cha zamani uangalie ukingo wake. Ile mifereji kwenye jiwe haikuchongwa na patasi. Ni kamba laini tu, iliyopita palepale kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Mtume Paulo alimwandikia Timotheo: "Na mambo yale uliyoyasikia kwangu mbele ya mashahidi wengi, hayo uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine." Hesabuni kwa vidole. Paulo, kidole cha kwanza. Timotheo, cha pili. Watu waaminifu, cha tatu. Na wengine, cha nne. Mstari mmoja, vizazi vinne! Basi ukitaka kujua kama kazi yako imefika, usihesabu unaowafundisha. Hesabu wale ambao wanafunzi wako wanawafundisha. Kama kidole cha nne hakijainuka, kazi bado.

Na kwa nini nasema watatu? Yesu alikuwa na kumi na wawili, lakini alipoingia nyumbani kwa Yairo, alipopanda mlimani na alipoingia Gethsemane, alichukua watatu. Fungueni Marko sura ya 5, ya 9 na ya 14 mtaikuta habari hiyo. Iko na sababu ya kawaida kabisa. Mkikutana kwa dakika 90 mkiwa kumi, kila mmoja ana dakika tisa, na katika hizo tisa mwenye aibu hasemi hata moja. Mkiwa wanne, watatu na wewe, hakuna pa kujificha. Mnaenea kwenye jamvi moja. Mmoja akikosa, pengo linaonekana mara moja, na anatafutwa usiku uleule.

Utawapataje hao watatu? Paulo hakusema watu hodari, wala wenye sauti nzuri, wala waliosoma. Amesema waaminifu. Uaminifu unapimwa kwa kitu kidogo. Mpe mtu kazi ya wiki mbili: afungue kanisa Jumamosi saa kumi jioni, au ampelekee mzee mgonjwa kilo mbili za unga na sabuni, halafu akuletee majibu. Akifanya bila kukumbushwa, umempata mmoja. Akisahau mara moja, mkumbushe. Akisahau mara ya tatu, endelea kumpenda, ila usimweke kwenye watatu wako mwaka huu. Na jambo moja wengi wanalikosea: usiwachukue wote watatu kutoka sehemu moja ya kazi. Hoteli ikibadilisha ratiba ya zamu, kikundi kizima kinakufa kwa siku moja. Chukua mmoja wa hoteli, mmoja wa sokoni, mmoja mwalimu wa skuli.

Sasa niingie kwenye jamvi lenyewe, tukae. Hapa nitakawia kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapokwama.

Mwaka una wiki 52. Panga kukutana wiki 40. Hizo 12 ziachie mapengo: Juma Kuu, Krismasi, safari za Bara, maradhi, mvua. Ukipanga 52 utavunjika moyo kabla ya Juni. Kitabu chenu kiwe Injili ya Marko. Ina sura 16. Mkisoma nusu sura kila mkikutana, ni wiki 32. Zinabaki nane, nazo nitazieleza baadaye.

Mnakaa dakika 90, na saa iwe mbele yenu. Dakika 15 za mwanzo ni za habari, lakini si habari za mpira. Kila mmoja anaulizwa neno moja: ile ahadi yako ya wiki iliyopita imefikia wapi? Kisha dakika 40 za Neno. Mmoja anasoma kwa sauti, taratibu. Wa pili anasoma tena palepale. Halafu Biblia zinafungwa, na wa tatu anasimulia habari yote kwa maneno yake, kama anavyomsimulia mtoto. Akiruka kitu, wenzake wanamjazia. Jamani, hili la kufunga kitabu na kusimulia msilidharau. Yuko baba hajui kusoma vizuri, na kwa njia hii anaibeba Injili kifuani. Na yuko mwenye digrii ambaye kitabu kikifungwa hana kitu, naye atajijua siku hiyohiyo.

Mkishasimulia, mnaulizana: Mungu amefanya nini hapa? Watu wamefanya nini? Mimi nitafanya nini kabla hatujakutana tena? Nani nitamsimulia habari hii? Jibu la swali la tatu liandikwe, liwe na siku na jina. "Nitakuwa mume bora" si jibu. "Alhamisi nikirudi kazini nitampa mke wangu mshahara wote tuupange pamoja" ni jibu. Kisha dakika 20 za mizigo: dhambi, madeni, hasira, maradhi. Mwisho dakika 15 za sala, kila mmoja akimwombea aliye kuliani kwake kwa jina na kwa shida yake aliyoitaja.

Yanaharibikia wapi? Kwanza, kwa mwalimu msemaji. Ukiona umesema zaidi ya robo ya muda, umeanza kuhubiri, nao wameanza kusinzia. Pili, siri kutoka. Maneno ya jamvini yakifika barazani mara moja tu, hakuna atakayefungua moyo tena mwaka mzima. Siku ya kwanza kila mmoja aape hilo kwa kinywa. Lakini siri ina mpaka, na mpaka huo usemwe siku hiyohiyo ya kwanza. Mtu akikiri kwamba anampiga mkewe, au amemdhuru mtoto, hatumfichi. Tunakwenda naye kwa mchungaji, na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, na mke au mtoto anawekwa mahali salama kwanza. Anayeficha kwa jina la udugu amewasaliti walioumizwa.

Tatu, pesa. Mkusanyiko wa wanaume wanne haukawii kugeuka kikoba. Kikoba si dhambi, kiwe na siku yake na daftari lake. Wewe mlezi usimkopeshe unayemlea, hata elfu kumi. Kwa nini? Kwa sababu anayedaiwa akikuona kwa mbali hubadili kichochoro. Umempoteza mwanafunzi kwa elfu kumi. Wazee walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Akiwa na njaa, mpe kabisa, kimya kimya, au pelekeni haja yake kwa mashemasi. Kutoa kunamwacha huru kurudi jamvini.

Sasa zile hatua za kukabidhi. Tazameni fundi anavyokalafati mashua. Anasokota pamba nene kama kidole, ameipaka mafuta, anaitia kwenye mwanya wa mbao, kisha anagonga kwa nyundo na patasi butu, polepole, akisikiliza. Mwanya ukijaa, mlio unabadilika. Mwanafunzi wake hakuketi darasani kusikiliza mawaidha juu ya pamba. Kwanza alisokota tu. Kisha akagonga huku fundi amesimama pembeni. Kisha fundi akaenda kunywa kahawa na kumwachia ubavu mzima. Na liko kosa la mwanafunzi mwenye pupa: akishindilia pamba kupita kiasi, anatanua mbao, na mwanya wa jirani unafunguka. Nyinyi mnaowapa vijana masomo matatu kwa wiki, mafungo, semina na mkesha, sikilizeni mlio! Mwanya ukijaa, acha kugonga.

Basi wiki nane za mwanzo ongoza wewe. Toka ya tisa hadi ya kumi na sita, mmoja wao aulize maswali, wewe ukae kando, na marekebisho umpe njiani mkirudi, si mbele ya wenzake. Toka ya kumi na saba wapokezane. Ikifika ya thelathini, kila mmoja awe ameshataja majina mawili ya watu wake mwenyewe, na muwe mnayaombea. Zile wiki nane za mwisho, toka ya 33, kila mmoja anakaa na watu wake, anaanza nao Marko sura ya 1. Wewe uende kumtazama mara mbili tu. Mara mbili! Ukienda kila wiki, wale wawili watakutazama wewe, naye atabaki msaidizi wako milele.

Mtaniambia, "Lakini atakosea." Ndiyo, atakosea. Aliyeingia Mkunazini anazijua zile nguzo. Kanisa lile lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa. Askofu Edward Steere aliisimamia kazi mwenyewe. Paa hakulitaka la mbao, akalijenga kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Na inasimuliwa kwamba wakati yeye hayupo, mafundi walizisimamisha nguzo fulani kichwa chini, miguu juu. Aliporudi akaziona. Je, alizibomoa? Aliziacha. Zimesimama vilevile mpaka leo.

Mlezi mwema anajua kutofautisha nguzo iliyopinduka na nguzo iliyopasuka. Mwanafunzi wako akitamka vibaya jina la mji, akisahau sala ya kufunga, akichukua dakika 60 kwenye Neno badala ya 40, hiyo ni nguzo iliyopinduka, inabeba. Mwache, atajifunza. Akianza kuwaomba watu wake pesa, akimdharau mkewe mbele yao, akifundisha kwamba msalaba hauna haja, hiyo imepasuka. Mwambie siku hiyohiyo, nyinyi wawili, kwa upole na bila kuzungukazunguka. Ukingoja wiki, paa linaanguka na watu wako chini yake.

Ndugu zangu, nimefika kwenye shida. Najua wapo humu wanaosema moyoni, "Hayo yote mazuri, lakini mimi maisha yamenibana. Yakitulia nitaanza." Yatatulia lini?

Mwaka 1876 Steere aliondoka hapa na kundi la watu waliokombolewa, wakavuka bahari, wakatembea hadi Masasi, kusini mwa Bara, wakaanzisha kijiji. Mwaka 1882 ukawa mwaka mchungu. Agosti, Steere akafariki Unguja, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Septemba, Masasi ikavamiwa na Wangoni. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa. Mlezi amekufa, kijiji kimeteketea. Ungesema nini? Ungesema yatulie kwanza. Miaka minne baadaye, mwaka 1886, Cecil Majaliwa, ndiyo kwanza ni shemasi, akatumwa Chitangali, upande uleule wa kusini. Mtu aliyewahi kuuzwa akarudi kuwalea watu wa nchi ambako watu bado walikuwa wakiishi kwa hofu. Askofu wake yuko ng'ambo ya bahari. Alidumu huko mpaka 1897, miaka kumi na moja. Hakungoja nchi itulie.

Na Paulo je? Maneno yale ya vizazi vinne hakuyaandika akiwa ufukweni. Yuko kifungoni Roma, anajua mwisho wake umekaribia. Soma sura ya mwisho ya barua ile. Anaomba joho aliloliacha Troa kwa Karpo, maana baridi inakuja. Anaomba vitabu vyake. Anasema Dema ameniacha. Halafu anasema neno ambalo, kila tukilisoma, lazima litutoe machozi: mchukue Marko, mje naye, ananifaa. Marko yupi? Yuleyule aliyewakimbia kule Pamfilia! Yuleyule ambaye Paulo alikataa kusafiri naye mpaka akagombana na Barnaba. Barnaba akamchukua aliyekataliwa, wakapanda chombo kwenda Kipro. Biblia haituambii Barnaba alimwambia nini huko. Inatuonyesha tu kwamba mkimbizi alirudi akiwa mtu wa kutegemewa. Na kile kitabu nilichosema mkisome wiki 32, kinaitwa kwa jina la nani? Marko.

Kwa hiyo yule kijana wako aliyekimbia, aliyerudi kwenye pombe, aliyezima simu, usimfute. Mwandikie ujumbe mmoja kila wiki, mfupi, usio na lawama. "Ijumaa tupo, saa mbili, nafasi yako ipo." Fanya hivyo miezi sita. Asipojibu, endelea. Ni sekunde 20 za muda wako.

Nyingine ni shida ya msimu, na hii tunayo wenyewe. Kila mwaka masika yakiingia, Aprili na Mei, hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zinapungukiwa wageni, nyingine zinafunga, na ndugu zetu wanaambiwa wapumzike bila malipo. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozima safari za ndege, ilikuwa masika ya miezi na miezi. Wengi wakarudi Bara na vikundi vikatawanyika. Masika hayatushtukizi, yako kwenye kalenda! Basi ifikapo Februari, kaeni na kila mmoja, muulizeni: ukisimamishwa utaishije? Kodi ya chumba ya miezi miwili iwe imeshawekwa kando. Kama atasafiri kwenda Songea au Dodoma, apewe kabla hajapanda boti jina la mtu wa huko atakayempokea, na mtu huyo awe ameshapigiwa simu. Kila wiki mtumieni nusu sura kwa ujumbe wa sauti, naye arudishe masimulizi yake kwa sauti, dakika tatu zinatosha. Wale ambao hawana kazi miezi hiyo wana kitu ambacho wenye kazi hawana: muda. Huo ndio wakati wa kukaa na mwanafunzi mara mbili kwa wiki.

Maradhi yakimpata mmoja, msiende kundi zima siku moja na kupotea mwezi. Gawaneni siku. Mmoja Jumatatu, mmoja Jumatano, mmoja Jumamosi. Kaeni dakika 20, msizidishe. Nendeni na kitu mkononi, na kabla ya kuondoka mwulize mkewe, si yeye, ni nini kimepungua jikoni. Mgonjwa atasema hakuna shida. Mkewe atasema ukweli.

Askofu Frank Weston, vita kuu ya kwanza ilipofika Afrika Mashariki, aliwaona watu wa Unguja wakichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Mwaka 1916 akaenda nao mwenyewe, kwa miguu, Bara. Angeweza kubaki Mkunazini na kuwaombea. Nyinyi wenye nafasi makazini, wasimamizi na mabosi, mnanielewa.

Na wazee mliostaafu, msiseme zamu yenu imepita. Jaji Augustino Ramadhani, mwana wa Zanzibar, alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania toka 2007 mpaka 2010. Baada ya kustaafu alikubali kupadirishwa. Pensheni haikuwa mwisho wa utumishi wake.

La mwisho ni la ujirani, nalo nitalisema kwa ufupi kwa sababu wengi mnaliishi vizuri. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu, na wametulea pia. Kikundi kinachokutana kila wiki nyumbani kisiwe kitu cha kunong'onwa. Mwambie mchungaji wako, na mwambie sheha wa shehia yako: tunakutana wanaume wanne, siku fulani, saa fulani, tunasoma Biblia. Mwezi wa Ramadhani msipike mchana mkaivukisha mitaani harufu, na msikutane wakati wa futari wala tarawehe mkaimba kwa sauti. Sogezeni saa. Mkialikwa kufuturu, nendeni. Jirani akifiwa, muwe wa kwanza kubeba viti. Mwanafunzi wako anajifunza zaidi kwa kukuona ukibeba viti msibani kuliko kwa sura nzima ya Marko.

Mlangoni kuna karatasi na kalamu. Kabla ya chakula, kila mmoja aandike majina matatu, na chini yake siku na saa ya kukutana mara ya kwanza, isizidi wiki mbili toka leo. Karatasi usimpe mtu, ikunje, uiweke ndani ya Biblia yako kwenye Marko sura ya 1. Ndugu wa Pemba wana boti alfajiri, kwa hiyo maswali tuanze na wao. Mzee wa Wete, nimekuona umeinua mkono toka zamani. Simama, baba, tukusikilize.